Sifa ya Saisi

Alasiri moja ya kaskazi, nilipokuwa nimeketi juu ya ngalawa iliyopinduliwa katika ufukwe mmojawapo wa kaskazini ya Unguja, nikiyatazama maji yanavyotoka na kuuacha mchanga ukimeremeta, alinipita kijana akimwongoza farasi, na juu ya farasi yule mgeni wa kike aliyevaa ndara, ambaye kwa namna alivyoling'ang'ania tandiko kwa mikono yote miwili ilidhihirika kuwa hajapata kupanda hayawani yeyote tangu azaliwe. Kamba ya farasi kijana ameizungusha kiganjani mara tatu, kama mvuvi ajifungavyo mshipi kidoleni asije akapitiwa na usingizi. Mkono wa pili umeshika simu, na macho yamo humo. Anatembea mbele, mgongo amempa farasi, kama mtu anayeburura gunia tupu.

Nilitaka kumwita, nikaona haya. Maana nani mimi, mzee aliyekaa juu ya ngalawa, hata nimwingilie mtu katika riziki yake? Haukupita muda upepo ukaung'oa mwavuli mmoja uliochomekwa mchangani mbele ya hoteli, ukaupindua, nao ukaja ukibingirika kutoka nyuma, upande wa kulia. Farasi akaruka ubavu. Mgeni akaanguka penye mchanga wa maji, na kwa rehema za Mwenyezi Mungu hakupata zaidi ya mchubuko wa kiwiko. Lakini kijana, ambaye kamba ilimkaza mkono kama kitanzi, aliburutwa hatua kama kumi na tano, na ilipofunguka, ngozi ya kiganja ilikuwa imebaki kambani. Watu wakakusanyika. Mmoja akasema farasi huyu mkorofi. Wa pili akasema ana jini. Wa tatu akaenda kutafuta fimbo. Kamba hakuna aliyeitazama.

Siku hiyo nilimkumbuka mjomba wangu, marehemu, ambaye alikuwa saisi.

Neno hili saisi, ukilitamka leo mbele ya vijana, hata wa Mji Mkongwe wenyewe, watakutazama kama uliyetoa mfukoni sarafu iliyokwisha ondolewa sokoni. Na wale wachache wanaolijua hudhani kuwa maana yake ni mtumishi wa kuzoa mavi ya farasi. Mavi mjomba aliyazoa, hilo sikatai, tena kila alfajiri, na aliyatazama kabla ya kuyatupa kama tabibu atazamavyo ulimi wa mgonjwa, kwa kuwa farasi hawezi kutapika, na lililoharibika tumboni mwake halina njia ya kurudi. Basi saisi asiyejua choo cha jana kilikuwaje, hatajua leo msokoto umetoka wapi.

Alizaliwa shamba, hapa hapa Unguja, na utoto wake ulipita nyuma ya punda wa Maskati, wale weupe, warefu, waliokuwa zamani kipando cha watu wa hadhi. Baadaye, baada ya dunia kumgeuka kama ilivyowageuka wengi, alivuka kwenda Oman, akapata kazi katika zizi la tajiri mmoja wa pwani ya Batina, baina ya mitende na bahari, penye farasi saba. Alikwenda na Kiswahili chake, na ndani ya Kiswahili hicho ilimo elimu nzima ambayo sisi tuliobaki tumeiacha ipotee. Kwake mnyama hakuwa na kutembea na kukimbia tu: palikuwa na telki, mwendo wa haraka ulio laini, ambao mtu angeweza kunywa kahawa juu yake asimwage, palikuwa na matiti, unaomtia kichomi mpandaji asiyejua kuinuka na kuketi kwa mpigo, na palikuwa na shoti, ambayo, akisema, hafundishwi mtu mpaka kwanza ajue kusimamisha. Palikuwa na shogi la kutilia mizigo, na khorji la kukalia, na kigwe, na lijamu, na hatamu. Kila kimoja na mahali pake ukutani, na kila kimoja kikitajwa kwa jina, kama mtu awaitavyo wanawe.

Nilikaa naye majira mawili ya baridi, nikiwa kijana mwenye papara nyingi na maarifa haba. Nilichokiona asubuhi ya kwanza ni kwamba hakuingia zizini kimya. Alikohoa akiwa bado mbali, kikohozi cha makusudi, kisha akatoa salamu kama abishaye hodi kwa watu, ndipo akafungua komeo. Nilipomcheka kwamba farasi hawaitikii salamu, alinijibu bila kugeuka:

"Mwanangu, salamu hii naitoa ili mimi nipunguze mwendo."

Mwaka ule aliletwa mtamba mwekundu mwenye baka jeupe la paji, aliyeuzwa kwa bei ya kutupa kwa kuwa aliyekuwa naye kabla alimfundisha kwa fito, hata akawa haguswi kichwani wala nyuma. Mtu akikaribia, masikio hulala yakagusa shingo, weupe wa jicho ukajitokeza, na tako likageuzwa kumlenga. Wenziwe mjomba wawili pale zizini walishauri afungwe miguu na kupandwa kwa nguvu, apate kujua bwana ni nani. Mjomba akaomba aachiwe siku arubaini, kama mzazi.

Siku tatu za mwanzo hakutenda neno. Aliingia uani, akasimama katikati, mtamba amempa ubavu, macho chini, tasbihi mkononi, kwa kadiri ya mtu kuswali na kumaliza nyiradi zake, kisha akatoka. Mimi niliyekuwa nimepanda ukutani kutazama mapambano, niliona upuuzi mtupu, na siku ya tatu niliteremka nikaenda zangu kulala. Siku ya nne, kwa bahati, nilikuwapo. Mtamba alipiga hatua moja kumwelekea. Na mjomba, ambaye mimi na wewe katika hali ile tungalinyoosha mkono upesi, akarudi nyuma hatua moja. Mtamba akasimama, masikio akayaelekeza mbele, yote mawili, kwa mara ya kwanza tangu aje. Kwa hakika alistaajabu kuona kwamba yuko mwanadamu ampishaye. Ndipo nilipoanza kuelewa kuwa kuna kazi inafanyika pale, tena kubwa. Kila mtamba alipotulia mjomba alimlegezea, na kila alipokaza mwili alimngoja, wala hakumfuata. Kwa kuwa mnyama hujifunza pale mkono unapomwachia, na mkono usiojua kuachia, uwe na nguvu kiasi gani, haumfundishi kitu ila kukimbia.

Siku ya tisa kiganja chake kilifika begani. Usoni hakupagusa, kwa sababu farasi, ambaye macho yake yamewekwa kando na huona karibu pande zote, haoni kilicho karibu kabisa mbele ya paji lake wala kilichosimama sawasawa nyuma ya mkia. Atakayemjia kwa njia hizo mbili amemjia kama mwizi. Aliweka kiganja kizima, kizito, pasipo kupapasa; kupapasa, alisema, ni kazi ya nzi. Kutoka begani mkono ukashuka, siku baada ya siku, kwenye kifua, kwenye goti, mpaka kwato. Alisimama akikabili mkia, bega lake limeegemea bega la farasi, mkono ukiteremka nyuma ya mguu, na kwato ikainuliwa kwa kuombwa. Kuchutama hakuchutama hata mara moja, wala kupiga goti. Aliinama tu, nyayo zake zikiwa tayari kuondoka, kwani mwenye kuchutama chini ya mnyama wa kilo 400 amekwisha toa rukhsa ya kukanyagwa.

Kabla arubaini haijatimia, binti wa tajiri, mtoto wa miaka kumi, alimwongoza mtamba yule mpaka birikani, akitembea sambamba na bega lake, na kamba baina yao imelegea kama uzi wa kishada kisicho na upepo. Mjomba alifuata nyuma kwa mbali, mikono mgongoni. Hakusema chochote, na jioni hiyo alikula vizuri.

Mkono wake wa kulia ulikosa nusu ya kidole cha mwisho. Nilikuwa nimekiona kidole kile tangu utotoni nisithubutu kuuliza, mpaka siku aliponikamata nimezungusha kamba mkononi, ndipo alipokiinua mbele ya macho yangu. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Punda alishtushwa na honi ya gari la abiria. Kamba ilikuwa imepiga pindi kidoleni. "Hii ndiyo ada niliyompa mwalimu," akaniambia. "Wewe nakusomesha bure." Kisha akanionyesha: kamba hukunjwa mapindi mapindi, yakalala kiganjani mfano wa nguo iliyokunjwa kabatini, na ngumi ikafumbwa juu yake; farasi akitaka kwenda, ngumi inafunguliwa, farasi anakwenda, na mkono unabaki na mwenyewe.

Hakuwa mtu wa methali, na zile zetu za punda zilimuudhi. Watu husema punda haendi bila kigongo, na husema asante ya punda ni mateke. Juu ya ile ya kwanza alisema kwamba aliyeitunga alikuwa na kigongo tayari, akatafuta punda. Juu ya ile ya pili aliuliza waliompa punda fadhila ni akina nani, na ilikuwa fadhila gani, hata wangoje shukrani. Nami nakiri kwamba tangu hapo sijaweza kuzitumia methali hizo mbili bila ya kuona haya, ijapokuwa ni tamu mdomoni.

Historia ya farasi katika bahari yetu ni ndefu, na mimi si mwanahistoria. Nayagusa yale tu yaliyonigusa. Mwaka 1331 Ibn Battuta, akitoka Kilwa, aliabiri mpaka Dhofar, na ameandika kwamba kutoka huko farasi wazuri walipakiwa kwenda Bara Hindi. Kabla yake Marco Polo alisimulia habari za biashara hiyo hiyo, na akasema kwamba farasi waliofikishwa kule kusini ya Bara Hindi walikufa kwa wingi mwaka hata mwaka, kwa kukosa watu wanaojua kuwatunza, hata wafalme wakawa hawana budi kununua wengine msimu uliofuata. Tazama basi: dhahabu ilikuwako, farasi walikuwako, merikebu zilikuwako, aliyekosekana ni saisi.

Na mwezi wa Aprili 1840 merikebu Sultana, ikiongozwa na Ahmad bin Naaman, ilifika New York baada ya kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, na miongoni mwa zawadi za Sayyid Said, Sultani wa Unguja na Oman, kwa Rais wa Marekani walikuwamo farasi wawili wa Kiarabu. Kila anayeisimulia safari ile humtaja Ahmad bin Naaman, naye anastahili. Mimi kila nikiisoma humfikiria yule aliyesimama na farasi wale wawili chini ya sitaha, usiku wa mawimbi, mahali ambapo mnyama hawezi kulala wala kukimbia wala kuelewa kwa nini ardhi imekuwa hivi, akiwapa maji kidogo kidogo, akiwasugua miguu isivimbe, akiwaambia maneno yasiyo na maana kwa sauti isiyobadilika. Walifika hai. Hiyo ni kazi ya mtu.

Hapa petu farasi hawakupata kuenea. Bara aliwamaliza mbung'o, na kwingine maradhi yao yaenezwayo na visubi. Ndiyo sababu wakabaki kuwa fahari ya majumba ya wafalme, na sisi wengine tukawa watu wa punda. Lakini ustadi ulikuwako. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said huyo, aliyezaliwa katika jumba la Mtoni mwaka 1844, ameeleza katika kumbukumbu zake, zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886, jinsi watoto wa jumba lile walivyofundishwa kupanda wakiwa wadogo sana, kwa saa maalumu na chini ya macho ya mwalimu. Mtoto wa mfalme naye alianzia chini, penye vumbi.

Nami nilianzia huko. Mwezi mzima na siku tano mjomba hakuniruhusu kupanda. Nilifagia, nikachota maji, nikajifunza kutazama masikio. Siku aliponiruhusu nilikaza ukanda wa tumbo, nikaweka mguu tayari, akanizuia kwa kidole kile kilichokatika: "Ngoja atoe pumzi, kisha kaza tena." Kweli, farasi alikuwa amejaza kifua, na alipoutoa upepo ukanda ulilegea kiasi cha kupitisha ngumi, na kama ningalipanda, tandiko lingalizunguka nami nikaning'inia kama popo. Kikuku alinifundisha kukikanyaga kwa sehemu ya mbele ya unyayo tu, kisigino chini, ili nikianguka mguu utoke. Kwa sababu kuanguka, alisema, ni jambo la kawaida, ila kuburutwa ni jambo la uzembe. Na farasi akipotea akili akashika shoti, usivute hatamu zote mbili ukashindana naye nguvu, maana atakushinda. Vuta upande mmoja, mpe duara, duara liwe dogo na dogo zaidi, mpaka yeye mwenyewe aone safari hiyo haina mwisho.

Nilianguka mara nne. Mara zote nne alimwendea farasi kwanza, akamtazama miguu, ndipo akaja kwangu. Nilikasirika sana wakati huo.

Alinichukua siku moja kutazama ardha, mchezo ule ambao vijana wa Oman hupanda farasi wakaenda shoti wawili wawili, kisha wakasimama wima juu ya migongo, mikono wameshikana, vumbi nyuma yao kama moshi wa tanuri. Watu walipiga makofi, wakapiga vigelegele, nami nikapiga. Mjomba hakuwatazama waliosimama. Aliwatazama farasi, namna wanavyokwenda sambamba bega kwa bega pasipo kushikwa, shingo zimenyooka, masikio mbele. Na kila jozi ilipopita alitikisa kichwa kidogo, kama msomaji aliyefika penye wakfu. Mwaka 2018 UNESCO iliutia mchezo huo katika orodha ya turathi za wanadamu, na nilipopata habari nilifurahi kwa ajili yake, kwani alikuwa amekwisha fariki.

Siku hizi kila mtu anataka kupanda, na kusimama ardhini hapana anayetaka. Farasi wa ufukweni anatolewa asubuhi, anarudishwa usiku, na baina yake hupandwa na watu kumi wasiojua jina lake, kila mmoja akitaka picha moja, mdomo ukivutwa kulia na kushoto na mikono ambayo haikupata kufunzwa kulegea, hata mdomo ule unakufa ganzi, kisha tunasema farasi huyu hasikii. Fimbo hununuliwa kabla ya brashi. Nikiuliza kwato zilisafishwa lini, naulizwa mimi ni mtu wa serikali. Na wenye mali hawaoni hasara, kwa sababu siku ya ajali kosa hupewa mnyama, ambaye hana wa kumsemea.

Hata hivyo sikutaka kumdhulumu kijana yule. Siku ya tatu baada ya ajali ile nilimtafuta, nikamkuta amekaa kivulini, mkono umefungwa kitambaa cha kanga, farasi amefungwa mnazini. Akanipa shikamoo, nami nikamwitikia, nikaomba kamba. Nilimwonyesha mapindi, na ngumi juu yake. Alitazama, akajaribu kwa mkono mzima, akapata mara ya pili. Haikuchukua dakika moja.

"Nani alikufundisha kuchunga farasi?" nikamwuliza.

"Hakuna, babu. Nilipewa kamba tu."

Nikakaa naye mpaka magharibi. Nilimwambia habari za bega, na za nzi, na za ukanda kukazwa mara mbili. Akauliza mengi, na mengine sikuweza kumjibu, maana katika majira yale mawili nilikuwa nimelala siku nyingi mno. Akaniuliza, kwa mfano, ngozi ya hatamu hupakwa nini isikauke kwa chumvi ya bahari.

Hatamu ya mjomba ninayo mimi. Aliniachia kwa wasia, pamoja na tasbihi yake, nayo imetundikwa ukutani chumbani kwangu, karibu na dirisha. Kila Ijumaa, baada ya kurudi msikitini, alikuwa akiiteremsha na kuipaka mafuta kwa kitambaa, polepole, mpaka ikawa laini kama sikio la mtoto. Yalikuwa katika kopo la bati lisilo na karatasi, na sikumwuliza ni mafuta gani. Sasa ngozi imeanza kupasuka penye mapindo.